Mlango wa Pikapu ya Damiano

Theodory alipitisha kiganja kwenye mlango wa pikapu kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu hakuambulia kitu. Kwa macho aliona puti aliyozibia mabonyeo imekauka. Aliona vumbi la msasa limeganda kwenye vinyweleo vya mkono wake. Lakini vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Ganzi ilianza masika, kwenye ncha tu. Sasa ilikuwa imefika katikati ya kiganja.

Hakuwa amemwambia mtu. Tangu enzi za karakana ya shamba la mkonge kule Kilosa, kabla shamba halijauzwa na mafundi kuambiwa waende nyumbani, alisifika kwa jambo moja: alipapasa bati akataja palipobonyea, hata kama ni kwa unene wa kucha. Alihamia Mikumi na nyundo mbili na sifa hiyo.

Wiki iliyopita Hiace iliyopita mikononi mwake ilipigwa rangi, ikasogezwa juani, ubavu wote ukaonyesha mawimbi. Simoni, mwenye gereji, hakumgombeza mbele ya watu. Alimvuta pembeni.

"Mzee, siku hizi magari ya Japani yamejaa, na magereji yamejaa. Mteja akichukia anavuka barabara tu. Hii pikapu ya Damiano ikitoka vile, nitakuhamishia getini ukalinde. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa," alisema Theodory.

Damiano alikuwa akinunua vitunguu Chanzuru na kuvipeleka mjini. Alikuwa amemgonga ngiri kwa ubavu kwenye barabara ya mbugani. Leo alasiri angekuja kuitazama pikapu yake.

Celestina, aliyekuwa akiwauzia mafundi chai na maandazi, alikuwa akipita kukusanya vikombe.

"Shikamoo mzee. Chai yako imeota ngozi."

"Marahaba. Celestina, hebu niazime mkono."

"Utanirudishia lini?"

"Papasa hapa. Polepole."

"Mimi nimezoea kukanda ngano, si magari."

"Ndicho ninachotaka."

Alijifuta kwenye kanga, akaanza kupapasa huku akicheka. "Hapa pako sawa. Hapa sawa. Mh." Akarudisha mkono. "Hapa pamebonyea. Kidogo, kama mto uliolaliwa."

Theodory akapazungushia penseli. "Endelea."

Alipata sehemu tatu. Alipomaliza alimtazama usoni, kicheko kikamwishia.

"Mzee, wewe hupasikii?"

Theodory alichota puti, akaiwekea hadina ya kuigandisha, kiasi cha punje ya haragwe, na kuikoroga upesi kabla haijaganda kwenye kibao. Akaipaka kwa kipande cha mpira, nyembamba, akikwangua ziada.

"Tangu masika," alisema, bila kugeuka.

Celestina alikaa juu ya tairi, akasubiri puti ikauke na msasa upite, kisha akapapasa tena, safari hii bila kuambiwa. Akatikisa kichwa kukubali. Aliokota vikombe vyake akaondoka.

Ikaja zamu ya praima, rangi ya kutangulizia. Ilipokauka, mlango ulikuwa wa kijivu kitupu, juu mpaka chini, hakuna pa kujificha. Damiano alipofika alasiri, yeye na Simoni waliisukuma pikapu mpaka juani. Simoni akachuchumaa, akafumba jicho moja, akautazama mlango kwa ubavu. Alichukua muda mrefu. Theodory alisimama na msasa uliolowa mkononi, maji yakimchuruzikia kwenye ndala.

"Umenyooka," Simoni alisema.

Damiano akaguna kwa kuridhika.

"Nilijua huu mkono haujazeeka," Simoni aliendelea. Theodory alifungua mdomo aseme, lakini Simoni alikuwa ameshamwita mtu aliyesimama kivulini. "Mzee, huyu Stefano ametoka Magole. Anataka kununua ile Corolla nyeupe pale nje. Mwenye gari anaapa haijawahi kugongwa. Nimemwambia, wewe ukiipapasa tu utajua."

"Shikamoo mzee," alisema Stefano. "Nimeuza ng'ombe wote. Sitaki kuuziwa puti."

"Marahaba."

Ng'ambo ya barabara, Celestina alikuwa ameshajitwika beseni, akipotelea sokoni.

Theodory aliweka kiganja kwenye ubavu wa Corolla. Bati lilikuwa limechomwa na jua tangu asubuhi, lakini joto lake alilisikia kwenye kifundo cha mkono tu. Akatembea taratibu kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma.

"Vipi?" Stefano aliuliza.

"Ngoja."

Akarudi mwanzo, akaanza upya, taratibu zaidi, huku Simoni na Stefano wakimsubiri.