Dawa ya Vyungu Kumi na Viwili

Jamani, kupendwa nako kuna tabu zake. Georgina wa Mzee Lwakatare anaandikia gazeti habari za sayansi, Bukoba mjini, na kila alichoandika, baba yake alikibandika sebuleni kwake Muleba, juu kabisa, kando ya kalenda ya kanisa. Mwezi ule ikatoka hii: MNYAUKO WA MIGOMBA WAPATA DAWA. Bwana shamba alipokuja kumwambia mzee ang'oe migomba yake mitano iliyougua, mzee akamwonyesha ukuta.

"Kati yako na mwanangu, nani kasoma?"

Majirani nao wakaweka mapanga chini, wakasubiri dawa.

Habari zilipomfikia Georgina, alipanda gari siku hiyohiyo, roho juu. Alijua alichokiacha. Mtafiti alimwambia wazi kwamba dawa ilijaribiwa kwa migomba kumi na miwili, tena kwenye vyungu, ikachelewesha ugonjwa wiki tatu tu. Sentensi hiyo aliikata yeye mwenyewe, eti habari ipendeze.

Alimkuta baba yake kibanjani, kwenye migomba aliyoachiwa na babu. Ile mitano iliyougua ilikuwa imeshafika kumi na tisa.

"Tata, nilikosea," akasema, akamweleza yote.

"Kwenye vyungu?"

"Kwenye vyungu, Tata."

"Loo!"

Mzee akachukua panga, akalipitisha motoni lisihamishe ugonjwa, akaanza kukata. Georgina akalia bila kujificha. Mzee akamwambia machozi hayang'oi mgomba, ashike jembe.

Jumapili, mnada wa matoleo ulipokwisha nje ya kanisa, Georgina akaomba nafasi, akasema kosa lake mbele ya watu wote. Jirani yao Byabato hakumwonea haya.

"Mwezi jana dawa ipo, leo haipo. Tushike lipi, binti?"

Mzee Lwakatare akainuka polepole.

"Byabato, mimi nimeng'oa kumi na tisa, na uchungu ninao. Lakini mtoto aliyefunga safari kuja kujishtaki mbele yenu, huyo nitamsoma mpaka nife."

Byabato akajikuna kidevu, kisha akamgeukia Georgina.

"Hilo panga, linapitishwa motoni mara moja, au kila mgomba?"

"Kila mgomba, baba," Georgina akajibu.