Mkanda wa Dakika Tano

...na huyu binti mpimaji naye ameukaza mkanda mkononi kama anafunga gunia, dakika tano, mama, usisogee, haya, mshonaji hasogei, miaka ishirini anawaambia wateja hayohayo, usisogee, pini zitakuchoma, leo zamu yake, chali kitandani, vidole vya kulia vinaingia ganzi, bega la kushoto linauma kwa chanjo ya homa ya matumbo waliyomchoma asubuhi, makusudi kabisa, mwili uchemke kidogo wapime mishipa ya damu inatanuka vipi, na kama juisi ya bitiruti waliyompa anywe wiki nzima imeisaidia, juisi yenyewe ladha ya udongo, na yule mteja, bibi harusi aliyekuja kupimwa gauni, aligeuza shingo, fundi leo umekula shamba? wenzake wakacheka, naye kamshikia kola, pini mdomoni, uso kwa uso, aibu ikamshuka hadi miguuni, ndipo akanunua dawa ya kusukutua, asubuhi na jioni, siku tano... na daktari wa utafiti alisema, akarudia, msisukutue kwa dawa, vijidudu vya ulimini ndivyo vinavyoanza kuifanyia kazi nitrati ya kwenye juisi hadi itanue mishipa, mkiviua mmekunywa bure, na kabla ya kulala hapa, kwenye fomu, umetumia dawa ya kinywa? kaweka tiki kwenye hapana, mwongo mkubwa... «Unasikia ganzi, mama?» «Kidogo, mwanangu,» kidogo wapi, vidole si vyake tena, hivi ndivyo mkono wa mama yake ulivyokuwa, mkono huuhuu wa kulia, kikombe kikamtoka, chai ikamwagika mezani, mama anaiangalia tu, kiharusi, mishipa, wakasema, tungempa nini mapema? akauliza, hakuna aliyejua, ndiyo maana kajiandikisha humu, na leo mashine itaandika juisi haikufanya kitu, wataamini, mtoto wa mtu atauliza tumpe nini, ataambiwa hakuna, kisa mshonaji kaogopa kunuka mdomo, ee Mungu wangu, wamtoe kwenye utafiti, wamcheke, potelea mbali...

«Mwanangu, ile fomu...»

«Usiongee, mama, picha ya mshipa inatikisika. Bado dakika mbili.»

Haya. Akafunga mdomo, neno amelibana kati ya midomo kama pini, mkono bado umefungwa, macho kwenye saa ya ukutani, naye anaogopa, ila atasema.