Marafiki Elfu Tano wa Vifungo

Wewe umeiona video. Usinizungushe. Hapa chini pameandikwa imetazamwa mara mia tisa, na wewe umo: uliuona mlango wa chuma, ukamsikia mwanamke akikohoa, ukasukuma kidole juu, ukaenda kutazama mengine.

Mimi ni mpiga pasi wa karakana hii ya sare. Tumo ndani watu tisa. Msimamizi alitufungia asubuhi kwa kufuli la nje, kama kawaida yake, eti vitambaa vyetu vina miguu, akaondoka na gari la mzigo. Simu zetu kazibeba. Kaiacha moja tu, ya Vifungo, mshona vifungo wetu, kwa sababu hiyo ndiyo duka la karakana mtandaoni. Haina salio la kupiga. Ina bando la mtandao huu basi.

Saa nne mkataji wetu, ambaye sote tunamwita Shangazi, akabanwa na pumu. Kichupa chake cha kuvuta kimekwisha.

"Vifungo mwanangu, waite watu wako," akasema kwa shida. "Una marafiki... kuliko mgombea."

Anao, ndiyo. Elfu tano kamili, na mtandao haumpokei wa elfu tano na moja. Siku orodha ilipojaa naikumbuka, Jumatatu, mwaka juzi. Msimamizi alisimama nyuma ya kiti cha Vifungo: "Nani hajanunua mwezi mzima? Toa. Weka mteja." Tangu hapo kila asubuhi kumi wanatoka, kumi wanaingia. Walianza aliosoma nao, wakafuata majirani, wakafuata binamu. Mimi nilitolewa siku ya nne, nimesimama hatua tatu kutoka kwake! Mwisho akamtoa kaka yake wa tumbo moja, fundi wa kuchomelea mwenye banda mtaa wa pili.

"Atanielewa," alisema Vifungo.

Hakuelewa. Alimwandikia, "Kumbe nilikuwa nakuzibia nafasi?" Kisha akamzuia kabisa, asimfikie tena.

Basi leo Vifungo alipoomba msaada, mliojibu ni nyinyi wateja.

"Dada, hilo gauni la bluu nyuma yako bei gani?"

"Saizi kubwa ipo?"

"Mnaleta mpaka nyumbani?"

Akawajibu: "Hatuuzi. Tumefungiwa. Mtu hapumui."

Mmoja wenu akaandika: "Huduma mbovu."

Tumeugonga mlango kwa pasi mpaka mpini umevunjika. Madirisha yana nondo. Vifungo amewafuta wateja mia mbili, akawaomba upya majirani aliowatoa, hakuna aliyekubali. Jina la kaka yake halionekani hata akilitafuta.

Shangazi ameacha kutania. Midomo yake imebadilika rangi.

Nimemnyang'anya Vifungo simu, naandika mimi. Hapa unapajua, sare za wanao ulizichukua hapa: mlango wa kijani, kando ya kinyozi, ambaye leo hajafungua. Usiandike "pole". Usisambaze. Pita kwa muuza dawa, chukua kichupa cha pumu cha kuvuta. Ukifika kwa kinyozi kata kulia, nenda mpaka uone cheche. Mwambie fundi dada yake anamwita, aje na mashine ya kukatia chuma. Akinuna, mvute shati. Akikataa, ibebe mashine wewe.

Tia simu mfukoni. Toka sasa hivi.