Dude la Shimoni Kwangu

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Nikidanganya, mkono huu ukauke kabla sijageuza ukurasa. Najua mtaani naitwa Mzee Chumvi. Nisomeni hivyo hivyo.

Shimo liko kwenye kiwanja changu, hatua nane kutoka barabarani. Waliolichimba walikuja kutafuta kifusi cha kujengea barabara hiyo hiyo, wakafungasha mitambo yao, wakaniachia korongo la kumeza nyumba ya vyumba vinne na choo chake. Afisa wa barabara alinijia mara tatu. Kila mara alinieleza kwamba shimo likiwa kando ya njia ya watu, mwenye ardhi ndiye wa kulifukia au kulizungushia uzio, hata kama hakulichimba yeye. Nilimkaribisha chai, nikamsimulia nilivyomng'oa fisi jino kwa koleo, akaondoka akishika mbavu. Uzio sikuweka.

Niliweka maneno. Nilieneza kwamba mle ndani mna dude lenye tumbo la kiboko na sauti ya binadamu, na likiona njaa huita wapita njia, "Ndugu yangu, nisaidie." Watu wazima na ndevu zao wakawa wanavuka barabara kupita upande wa pili. Nikajipongeza: uzio usiooza wala kuibiwa.

Muuza mikate alikuwa anavuka vilevile kama wengine. Asubuhi hiyo lori lilimbana kabla hajavuka, akatoka nje ya lami na baiskeli yake na sanduku la mikate, akatumbukia. Hakuna aliyemwona.

Saa tano muuza maji alinikuta barazani, anahema, mkokoteni ameutelekeza njiani. Akasema dude leo linaita watu. Katika dunia nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hamna dude. Nilipaswa kuruka kutoka kitini. Lakini nilidhani jamaa ananitania, ameongeza chumvi kwenye chungu changu ili anifurahishe. Nikamwambia, "Limwagie ndoo moja, lina kiu." Tukacheka. Nikamalizia chai.

Wakapita wengine mchana kutwa. Walisikia, wakakimbia, na kila aliyefika kwangu nilimpiga kijembe kipya. Saa kumi sauti ikanyamaza. Mke wa muuza mikate, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alipokuja kuuliza kama nimemwona mumewe, ndipo niliporuka kutoka kitini. Tulishuka kwa kamba. Alikuwa bado na joto.

Siku ya kutoa maelezo tuliketi ofisini kwa afisa, kwenye benchi moja: mimi, muuza maji na mjane. Niliapa kwamba niliweka nguzo saba na waya, wezi wakang'oa. Afisa akaandika bila kuniangalia. Mjane hakujali nguzo. Alikuwa na jambo moja tu, akaniuliza taratibu kama mumewe aliteseka.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Alikufa papo hapo. Shingo."

Nikaona mabega yake yanashuka kidogo, nikaridhika. Kisha akasema, "Nilipomwosha, pajani alikuwa amejifunga shati lake. Mafundo mawili. Mtu aliyekufa papo hapo alijifungaje, baba?"

Muuza maji akaanza kulia. Akasema alinipasha habari saa tano, nami nikamwambia alimwagie ndoo.

Afisa aliweka kalamu chini. Nilimwambia mjane yote: hapakuwa na nguzo wala dude, na mumewe aliita mpaka saa kumi. Alihesabu kwa vidole, kutoka saa tano, polepole. Vya mkono mmoja vikaisha, akahamia wa pili.

Nikampa kiwanja, hati na kila kitu. Akasema, "Nikifanyie nini? Lifukie shimo. Wewe mwenyewe."

Afisa akaandika hivyo, nikatia sahihi. Nina miaka sabini na mmoja na toroli lenye gurudumu bovu. Udongo nautoa nyuma ya nyumba yangu, na mvua ikinyesha nusu yake huyeyuka. Hakuna anayesimama kuzungumza nami, na mimi sina la kusimulia. Jana nilimwaga matoroli kumi na tisa. Mjane alikuja, akasimama ukingoni bila salamu, akatazama chini.

"Bado," akasema, akaenda zake.