Feni za Dimtu

Maziwa ya ngamia yakikaa juani kupita kiasi, huwezi kumficha mnunuzi. Sirad, mnunuzi wao wa mjini Isiolo, alifungua kifuniko cha mtungi wa kwanza, akainama, kisha akageuza uso. Akafungua wa pili, na wa tatu akauacha.

"Mama Gollo," akasema kwa upole, "haya si maziwa tena. Hii ni susa, maziwa yaliyochacha, na wateja wangu wa Nairobi hawataki susa. Basi linaondoka sasa hivi na freza yangu haina kitu."

Dokata, mama yake Gollo, aliinama akaifunika mitungi. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka maboma ya Kulamawe kukusanya maziwa ya akina mama wenzake. Yalikuwa bado na povu alipoyapakia kwenye pikapu ya mumewe, Hirbo. Halafu gari likachemka kwenye mchanga kabla ya kufika Kachuru, kijiji kilicho njiani, wakakaa chini ya mgunga wakilisubiri lipoe, na jua halisubiri mtu.

"Sitaki kukukata," Sirad akaongeza. "Lakini likitokea tena, itabidi nichukue kwa gari lingine."

Hirbo aliyasikia yote akiwa ameegemea mlango wa pikapu. Ilikuwa gari kuukuu, nyekundu, yenye injini kubwa ya dizeli ya silinda sita. Aliinunua kwenye mnada wakati mradi mmoja wa maji ulipofunga ofisi, miaka michache baada ya kaunti kuanza. Aliipa jina la ng'ombe, Dimtu, yaani ile nyekundu kwa lugha yao. Dimtu ilikuwa imewafikisha akina mama wengi hospitalini kujifungua, na ilikuwa imebeba maharusi na maiti. Sasa ilikuwa imegeuka kuwa aibu.

"Iuze," Dokata akamwambia walipoingia ndani ya gari. "Wale wa vyuma chakavu wameiulizia mara ngapi?"

"Mtu hauzi ng'ombe kwa sababu anakohoa."

"Ng'ombe anayekohoa kila wiki anauzwa, Baba Gollo. Tena mapema."

Hirbo akacheka kidogo, ingawa moyo haukuwa kwenye kicheko. Alikuwa amejaribu kila kitu. Mwongera, fundi wake wa siku zote, alikuwa amebadilisha gasketi, tamostati, hata rejeta yenyewe. Walipompitia siku hiyo, Mwongera alifuta mikono kwa tambara na kusema ukweli wake.

"Mzee, mimi nimemaliza. Injini yako iko sawa kabisa. Nenda mtaa wa Chechelesi, muulize Kananu wa waya. Yeye ana kichwa ya kufikiria vitu kama hizi."

Kananu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Meru, mwenye kofia ya pamba ya kufuma na ovaroli iliyopauka. Karakana yake ilikuwa kontena moja na kivuli cha mabati. Kazi yake ilikuwa umeme wa magari: taa, batri, altaneta. Aliwapa stuli wote wawili, akaagiza chai, ndipo akauliza.

"Inachemka wapi?"

"Kila mahali," Hirbo akajibu. "Ni hii joto ya siku hizi. Na dizeli wanaichanganya na mafuta taa."

"Si kila mahali," Dokata akasema.

Kananu akamgeukia. "Ehe, mama?"

"Mimi ndiye ninakaa pale katikati, sindano ya joto iko mbele ya macho yangu. Tukikimbia, sindano inalala. Tukiingia mchanga, gari ikianza kutambaa, sindano inaamka. Na kama upepo unatoka nyuma yetu, ndiyo mbaya zaidi."

Kananu akaweka kikombe chini. "Rudia hiyo ya upepo."

Dokata akarudia. Kananu akainuka, akafungua boneti, akaingiza mkono na kuisukuma feni kwa kidole kimoja. Ikazunguka, ikazunguka, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa.

"Mnaona? Injini ikiwa moto hivi, hii feni inafaa kuwa nzito mkononi. Klachi yake, ile inayoishikisha na injini, imekufa. Injini inazunguka, feni inafuata kwa uvivu. Mkikimbia, upepo wa barabara unapoza rejeta. Mkitambaa, hakuna upepo, na feni nayo imelala."

"Lakini hiyo klachi tulinunua mpya mwaka jana," Hirbo akasema.

"Mpya ya wapi? Hizi za kuiga zimejaa. Naweza kukutafutia ingine kama hii, halafu mwakani tukutane tena hapa." Akaingia kwenye kontena na kutoka na feni mbili nyeusi ndani ya fremu moja, zimetolewa kwenye vani iliyogongwa. "Ama nikuwekee hizi. Za umeme. Hazingojei injini ikimbie. Hata gari ikiwa imesimama, zinavuta upepo na nguvu yote."

Hirbo aliziangalia jinsi mtu anavyomwangalia mkwe asiyemtaka. "Feni ya injini haina waya. Waya ni kazi ya panya mmoja tu, na kwisha."

"Ni kweli waya inaweza kukatika," Kananu akakubali. "Lakini waya nitakufundisha kuunga. Klachi ya kuiga hakuna mtu atakufundisha kutengeneza."

Hirbo akafungua mdomo kubisha, lakini Dokata alikuwa tayari ameweka kikombe chake juu ya stuli.

"Fanya," akamwambia Kananu.

Kazi ilichukua sehemu kubwa ya siku. Kananu aliitoa feni ya zamani pamoja na klachi yake. Hirbo alipowasha injini bila feni, ilinguruma kwa utulivu mpaka akadhani kuna kitu kimezimika. Feni mpya hazikufungwa kwenye mapezi laini ya rejeta. Kananu alikata vyuma bapa na kuzishikilia kwenye fremu ya gari, ili mitikisiko ya barabara isipasue kitu. Akavuta waya nene kutoka kwenye batri, akaweka fyuzi na rilei, kile kidude cha kuwashia umeme mwingi. Kwenye bomba la maji akaingiza swichi ndogo ya joto, ambayo ingeziwasha feni zenyewe maji yakizidi joto.

Mwishowe akararua ukurasa wa gazeti na kuuweka mbele ya grili. Upande mmoja karatasi ilinasa kama imegundishwa. Upande wa pili ilipeperushwa ikamgonga Hirbo kifuani.

"Hii moja inatapika badala ya kunywa," Hirbo akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kwa sauti.

Kananu akageuza nyaya za ile feni. Karatasi ikanasa pande zote mbili.

"Nitaenda na nyinyi," akasema akikusanya spana. "Gari ikiwa tupu si kitu. Nataka kuiona na mzigo, kwenye huo mchanga wenu."

Gari likiwa tupu na jioni imepoa, wakafika Kulamawe salama, wakalala, na asubuhi wakapakia mitungi mpaka springi zikalalamika. Kananu alikaa upande wa mlango, Dokata katikati, Hirbo kwenye usukani. Jua lilikuwa limeshapanda walipofika kwenye mchanga. Pikapu ikaanza kutambaa. Upepo ulikuwa unawasukuma kwa nyuma, na vumbi la magurudumu yao wenyewe likawapita madirishani.

Dokata aliona sindano ikiamka. Akangoja kusikia feni. Hakusikia kitu.

"Simamisha," akasema.

"Subiri kidogo, zitawaka," Kananu akasema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

"Simamisha, Baba Gollo!"

Hirbo akakanyaga breki kabla sindano haijagusa alama nyekundu. Akazima injini. Nyuma yao maziwa yalisikika yakitikisika ndani ya mitungi.

"Nilisema," Hirbo akaanza. "Nilisema mimi, waya ni—"

"Ulisema, na tumesikia," Dokata akamkata. "Sasa mwache afanye kazi."

Kananu alikuwa ameshafungua boneti. Aligusa hapa na pale kwa taa yake ya kupimia, jasho likimdondoka puani. Dokata alisimama kando yake akimkinga jua kwa leso. Alitazama mitungi, akatazama jua. Alimfikiria Sirad akigeuza uso.

"Feni ni nzima," Kananu akasema hatimaye. "Fyuzi nzima. Ni ile swichi ya joto. Niliitoa kwenye ile vani pamoja na feni, kumbe ilikuwa imekufa pamoja na hiyo vani. Kosa ni langu, ningeipima kwa maji ya moto." Akatazama ndani ya gari. "Mzee, ile swichi hapo chini ya redio ni ya nini?"

"Ya taa za ukungu. Sijawahi kuziona zikiwaka tangu ninunue gari."

"Basi leo imepata kazi."

Aliichomoa swichi, akapitisha waya mmoja chini ya zulia hadi mbele, akaunga na kufunga kwa tepu nyeusi. "Mama, bonyeza."

Dokata akaingia ndani, akabonyeza. Feni zikaamka kwa mvumo mkubwa kama nyuki waliochokozwa, vumbi likaruka kutoka kwenye rejeta. Hirbo akawasha injini. Watatu hao wakainama juu ya sindano moja kama watu wanaoota moto. Ikatulia mahali pake. Halafu, polepole, ikaanza kushuka.

"Alhamdulillahi," Hirbo akasema kwa sauti ndogo.

Kuanzia hapo Dokata ndiye aliyekuwa na kazi. Mchanga ukianza, anabonyeza. Wakipata sehemu ngumu na gari likashika kasi, anazima. Kananu alimweleza pia kwamba mvua zikinyesha na lagha, ule mto wa msimu, ikiwa na maji, azime kabla hawajaingia, maana feni ikizunguka ndani ya maji inaweza kujivunja na kurarua rejeta. Dokata akaitikia kila neno kwa kichwa, macho yake hayatoki kwenye sindano.

Walipofika Isiolo, basi la Nairobi lilikuwa bado halijajaa. Sirad alifungua mtungi, akanusa, akamimina kidogo kwenye kikombe na kuonja. Akamwita mpangaji mizigo na kumwonyesha mitungi yote, kisha akamkumbatia Dokata begani.

Kananu alinunua swichi mpya ya joto wiki iliyofuata, akaipima ndani ya sufuria kabla ya kuwaita.

"Hii ni nzuri, itajiwasha yenyewe. Sasa niondoe hiyo ya mkono?"

"Weka yako," Dokata akasema, "lakini yangu usiitoe. Moja ikilala, nyingine itakesha."

Mvua zilikuja, zikapita. Akina mama wa Kulamawe waliokuwa wamehamia gari lingine wakarudi mmoja mmoja, na baadhi walimwuliza Dokata, si Hirbo, kama gari liko tayari. Hirbo aliliona hilo na hakulichukia. Jioni moja wakiwa wanakunywa chai nje ya nyumba, Dokata akamwambia kwamba anataka kujifunza kuendesha.

"Wewe?"

"Najua inapochoka na inapotaka gia nyingine. Nimebakisha miguu tu."

Hirbo akachezea ndevu. "Watu watasema."

"Walisema pia tulipobaki chini ya mgunga na maziwa yakiharibika. Hakuna aliyetuletea maji."

Ijumaa baada ya sala walikwenda kwenye uwanda tambarare nje ya Kulamawe. Gari ilimzimikia Dokata tena na tena, na mara moja akairusha mbele kama mbuzi mpaka kofia ya Hirbo ikaanguka. Ngamia waliokuwa wakila kando waliinua vichwa, wakaona hakuna la maana, wakaendelea kula. Hirbo alishika dashibodi kwa mikono miwili na hakusema lolote ila "klachi, polepole" na "haya, sasa."

Ilipofika msimu mwingine wa kiangazi Dokata alikuwa na leseni. Siku ya kwanza alipoingia Kachuru akiwa kwenye usukani na mzigo nyuma, wenye maduka walitoka nje kutazama. Dokata akasimamisha gari vizuri kando ya barabara, akawasalimu wote, akamtuma mumewe akanunue maji ya kunywa.