Jumapili Mama Odeta Alipovuka Uwanja

Waliolisema walilisema kwa uhakika, kama watu waliokuwepo: mtu akishika maiki ya bendi mara tatu, mara ya nne hahitaji kuitwa. Eti wenye bendi huzipaka maiki zao dawa. Mwimbaji akiisogeza mdomoni, dawa inashuka kooni taratibu, na akishafikisha mara ya tatu hata ukimfungia chumbani ataimbia dirishani. Modesta aliyasikia hayo asubuhi ya Jumatano kwenye foleni ya mapanki, mlangoni mwa kiwanda cha samaki, ambapo wanawake hupanga mabeseni wakisubiri vichwa na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapelekwa Ulaya. Msemaji alikuwa Wilhelmina, muuza mkaa wa Mabatini, mtu asiyeweza kukaa na habari hadi ipoe. Modesta alicheka pamoja na wenzake. Ndipo Wilhelmina akamgeukia.

"Wewe mama Odeta usicheke sana. Binti yako keshaishika mara mbili."

Kicheko kikamkatikia njiani.

Siku hiyo alikaanga mapanki huku akigeuza vichwa vya samaki alivyokwisha kuvigeuza. Alijiambia ni upuuzi, dawa gani hiyo. Lakini lile neno "mara mbili" halikumtoka. Mzushi husema "kila siku" au "siku zote". Anayesema mara mbili amehesabu.

Odeta alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wake wa kwanza. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na barua ya kumwita chuo cha ualimu Butimba ilikuwa imetunzwa ndani ya Biblia, mahali ambapo mwizi hatazami. Barua ilisema aripoti Jumatatu, na godoro, ndoo, jembe na fyekeo, na kwamba asiyeripoti siku hiyo nafasi yake atapewa mwingine. Modesta mwenyewe aliishia darasa la saba, na katika maisha yake alikuwa hajaona kazi nzuri kuliko ya mtu anayesimama kivulini, mkononi ana chaki, na mwisho wa mwezi mshahara unamkuta palepale. Sasa kati ya Jumatano ile na Jumatatu ya chuo palikuwa na Jumapili moja tu. Kama Wilhelmina alihesabu sawasawa, hiyo ndiyo ya tatu.

Angemuuliza Odeta mwenyewe, yakaisha. Lakini Odeta alikuwa akiaga kila Jumapili mchana kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, na mama mtu aliogopa kuambiwa uongo wa pili juu ya wa kwanza. Alimgusia mumewe, Revocatus, Msukuma wa Magu aliyekuwa mlinzi wa ghala. Revocatus alijibu kwamba mtoto mwenye sauti ataimba, asipoimba hiyo sauti ataifanyia nini, kisha akaomba maji ya kuoga. Ndipo Modesta akaamua kwenda kumtafuta binti yake mahali penye maiki, popote palipo, kabla maiki haijamshika.

Shida ni kwamba miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, Mwanza ilikuwa imejaa muziki kama ilivyojaa mitumba. Kila mwenye uwanja na friji alifungua baa, na kila mwenye baa alitafuta bendi. Modesta hakujua aanzie wapi. Alimchukua jirani yake Akelo, mama Ooko, mwanamke wa Shirati aliyeuza chapati na kucheka kwa sauti, wakaenda Makoroboi kwa Ojuok, ambaye kibanda chake cha kurekodi kanda kilipiga kelele tangu asubuhi. Ojuok aliwajua wapiga gitaa wote wa mji kwa majina, na waliohama bendi, na waliorudi. Alieleza kwamba bendi zinazomruhusu mtu wa kando apande kuimba ni tatu tu: Jumamosi alasiri kwenye hoteli moja kule Kapri Pointi, jioni yake Kirumba kwenye mazoezi ya bendi ya dansi, na Jumapili saa tisa kwa Getruda, Mkuyuni, wanapopaita Maiki kwa Yeyote.

Basi Jumamosi wakaanza. Hotelini walikuta kijana wa kinanda na meza za wanunuzi wa dhahabu. Waliagiza soda moja na mirija miwili, wakakaa wima kama watu wanaosubiri daktari. Mnunuzi mmoja alipanda akaimba wimbo wa Kizungu macho yamefumbwa, na alipomaliza mhudumu tu ndiye aliyepiga makofi, kwa kuwa ilikuwa kazi yake. Akelo alinong'ona kwamba kama dawa ipo, basi huyu alipewa iliyoisha muda. Odeta hakuwepo.

Kirumba mambo yalimgeukia. Modesta alisogea karibu na jukwaa kumuuliza kiongozi wa bendi kama kuna binti aitwaye Odeta, lakini magitaa yalikuwa yakijaribiwa na yule bwana hakusikia. Akamnyooshea maiki aseme humo, watu wa nyuma wamsikie. Modesta aliitazama kama mtu aliyepewa nyoka amshikie mwenzake. Akaiviringishia ncha ya kanga, akaiweka mbali na mdomo urefu wa mkono mzima, na kutoka huko mbali akatangaza kwamba yeye ni mama Odeta wa Mabatini na anamtafuta mwanawe. Hakuna aliyesikia neno. Mpiga ngoma, akidhani ndio wimbo unaanza, akampigia. Akelo alikaa chini kwa kicheko. Njiani kurudi, Modesta alisimama kwenye bomba la maji akasukutua mara tatu.

Nyumbani walimkuta Odeta anapiga pasi, ametulia kama malaika. Alimwambia mama yake shikamoo, akampa kigoda. Godoro la chuo lilikuwa limeshafungwa kamba na kuegemezwa ukutani, na Modesta akajipa moyo.

Jumapili, baada ya misa, Odeta akaaga kama kawaida. Modesta hakubadilisha nguo. Akiwa katika sare ya kina mama wa parokia, kitenge juu na chini na kilemba, alikwenda moja kwa moja kwenye mazoezi ya kwaya. Sauti ya kwanza walikuwepo wote isipokuwa mmoja. Mwalimu wa kwaya alimjibu kwa heshima kwamba Odeta aliomba ruhusa Jumapili tatu hizi, akasema mama anaumwa, na akauliza kama mama sasa hajambo. Modesta akasema hajambo. Akamfuata Akelo, wakashika njia ya Mkuyuni karibu wakikimbia.

Sasa hapa inabidi kueleza jambo ambalo Modesta hakulijua, maana ndilo lililomponza. Usukumani makundi mawili ya ngoma huchezea uwanja mmoja saa ileile, kila kundi na upande wake, na hakimu ni watazamaji. Kundi linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Mtu anayetoka upande huu kwenda ule ametoa hukumu yake kwa miguu, tena ni hukumu nzito kuliko ya mdomo. Malimi, mwenye Mwamba Sauti, bendi iliyopiga kwa Getruda, alikulia kwenye ngoma hizo. Siku hiyo alitaka mwimbaji mmoja wa kwenda naye Geita kwa miezi mitatu, kupigia wachimbaji, na katika waliojaribu wawili walikuwa wamebaki. Akachora mstari wa chokaa katikati ya uwanja wa Getruda, bendi akaiweka juu ya mstari, mwimbaji mmoja mashariki, mwingine magharibi, wapokezane beti. Atakayekuwa na watu wengi upande wake filimbi ikipigwa ndiye atakayepanda lori la Geita.

Hayo yote yalitangazwa saa tisa. Modesta alifika saa kumi na nusu. Zaidi ya hayo alikuwa Mjita, mtoto wa mvuvi wa Majita na wa mama wa kanisani, na uwanja wa ngoma wa Kisukuma hakuwahi kuukanyaga tangu aolewe.

Geti lilikuwa upande wa mashariki. Huko aliimba Antoni, kijana wa miwani myeusi na suruali pana, anayetikisa mabega hadi wanawake wanashika vichwa, na watu walikuwa wamejazana kwake wakisukumana. Modesta alipenya katikati yao akiomba radhi, kiwiko mbele. Alipotokea ukingoni aliona uwazi, bendi juu ya mstari mweupe, na ng'ambo ya pili, mbele ya watu kama ishirini tu, Odeta. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na maiki ilikuwa mkononi.

Modesta hakusubiri. Alijifunga kitenge vizuri kiunoni akaanza kuvuka, amshike mkono, amtoe, waende nyumbani wakanyooshe sare ya chuo. Akelo akamfuata nyuma akihema.

Alipofika kwenye chokaa, Antoni alinyamaza na zamu ikawa ya Odeta. Akaimba taratibu, bila kutikisa kitu. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe. Uliwataja wanawake wanaopanga mabeseni mlangoni kiwandani kabla kuku hajashuka, samaki mzima anapita juu ya vichwa vyao kwenda uwanja wa ndege, wao wanapokea kilichobaki na kuwaita watoto waje kula. Kisha ukalitaja beseni moja lililotoboka, mwenyewe akaliziba kwa lami, na watoto wanne wakasomea ndani ya beseni hilo.

Beseni hilo lilikuwa pale Mabatini, chini ya meza. Modesta alipunguza mwendo. Hakusimama, hapana, lakini miguu yake ilianza kwenda kwa mapigo ya ngoma pasipo yeye kuituma, na kichwa kikaitika.

Watu waliliona hilo. Mama mzima, sare ya parokia, kilemba kimenyooka, ametoka kwa Antoni hadharani na anamwendea binti yule kwa madaha. Akelo, ambaye naye aliguswa na wimbo na hakuwa mtu wa kujizuia, akapiga vigelegele. Mwanamke mmoja akavuka. Wakavuka watatu, halafu kumi, halafu wauza samaki wote waliokuwa pale, na waume zao nyuma yao, na vumbi la chokaa likapanda. Antoni aliendelea kutikisa mabega mbele ya viti vitupu. Filimbi ikalia.

Modesta alikuwa ameshamshika Odeta kiwiko, sawasawa kama alivyopanga. Malimi akafika, akamwinamia, akamwamkia shikamoo mama, akawaambia watu kwamba katika miaka yake yote hajapata kuona mzazi akimhukumia mwanawe waziwazi hivi. Lori linaondoka kesho alfajiri, alisema, wawahi kivuko cha kwanza cha Kigongo, saa tatu wawe Busisi. Watu wakapiga makofi. Odeta alikuwa akimtazama mama yake tu, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi shingoni.

"Mama," alisema, "niliogopa kukwambia. Nilidhani utanikatalia. Kumbe umekubali?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Angesema: nimekuja kukuchukua, nafasi ya chuo haingoji mtu, njoo twende. Maneno aliyabeba tangu Jumatano, yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa hajawahi kuonwa na mtoto wake kwa macho yale, macho ya mtu aliyefunguliwa mlango aliokuwa akiuogopa. Akatazama kiwiko alichokishika. Akakiachia, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Akasema, "Umeimba beseni langu bila kuniomba."

Odeta akacheka na kulia pamoja, na watu wakachukulia kwamba limekwisha. Likawa limekwisha.

Usiku ule Revocatus alielezwa yote na Akelo, akacheka hadi akamwaga uji. Ndiye aliyemfafanulia mkewe maana ya kuvuka uwanja. Modesta alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mtu akivuka kwa makosa anaweza kurudi. Revocatus akamjibu kwamba kwao Magu hajapata kuona. Saa kumi alfajiri walimsindikiza Odeta kwenye lori, na siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, Modesta alikwenda Butimba peke yake, akasimama mbele ya karani na kusema kwamba mwenye barua hii hatakuja. Karani aliandika kitu, akachukua barua, akaita mwingine.

Basi mzazi mwenye mtoto wa sauti nzuri, hasa hapa Mwanza ambapo kila mtaa una maiki, na aepuke yafuatayo:

Kungoja kusikia habari za mwanao foleni, wakati mwanao analala chumba cha pili.

Kumtafuta mahali penye bendi ukiwa na sare ya kanisa. Watu huamini sare kuliko mdomo.

Kufuatana na rafiki anayejua kupiga vigelegele.

Kuingia uwanjani kabla hujauliza mashindano haya yanahukumiwaje.

Kuvuka mstari wowote wa chokaa.

Kusikiliza wimbo. Ukishausikiliza, huwezi tena kuubishia.

Kunyamaza au kutania mtoto anapokuuliza kama umekubali. Kama hukubali, sema hapohapo. Kama umekubali, sema pia, asije akasafiri akijiuliza.

Kumruhusu akae juu ya spika nyuma ya lori. Alfajiri kivukoni kuna upepo, na koo ndiyo kazi yake sasa.