Salamu za Ndunda

Kompyuta ya Kamanthe haikuwa na kifuniko. Ilikaa juu ya kreti ya soda, matumbo nje, na kila ilipoanza kunguruma aliipepea kwa kipande cha katoni kama anayepepea mgonjwa wa malaria. Bati la kibanda lilikuwa limeshashika joto. Saa nne hii, soko zima la Machakos limejaa, na alikuwa amewawekea nyimbo kwenye flashi wateja wawili tu.

"Pepea, mwaitu, pepea," Wanza alimcheka kutoka meza ya jirani, mikono ndani ya gunia la mahindi ya muthokoi. "Hata marehemu hukumpepea hivyo."

"Marehemu ndiye huyu nampepea."

Ndunda, mumewe, alipiga gitaa kwenye harusi na matanga miaka ishirini, Katangi hadi Mwala. Kaseti zake ziliharibika zote; nyimbo kumi na tisa zilibaki ndani ya mashine hii peke yake. Watu walizifuata kwa sababu katikati ya wimbo Ndunda alisalimia watu kwa majina. Ukitaka kusikia babu yako akitajwa, ulikuja kwa Kamanthe.

Mwanamume wa shati jeupe akainama kuingia. Alijitaja kuwa Urbanus, wa Mwala.

"Niko na shida, mwaitu. Mamangu Ndila alisalimiwa na Ndunda kwa harusi fulani. Tunamzika Ijumaa. Kwa mtandao napata vipande tu vya huo wimbo."

"Mtandaoni utapata wapi wimbo mzima? Uko hapa tu." Kamanthe alikuwa ameshaupata. Noti aliyonyooshewa akairudisha. "Ya kuzika mama haiuzwi. Chukua zote, mtakesha nazo."

Zilipokwisha kuingia, Urbanus akaipokea flashi, akaitia mfukoni. Mkono uliporudi ulikuwa na kitambulisho cha kazi, cha mkaguzi wa hakimiliki. Askari wawili waliokuwa wakila miwa ng'ambo ya njia wakatupa makapi, wakaja.

"Hii nakala haina leseni, mama." Lile neno la heshima, mwaitu, lilikuwa limeisha.

"Aiya! Leseni ya sauti ya bwanangu?"

"Bwanako alisaini. Nyimbo ni za kampuni ya muziki." Akamfunulia karatasi. Sahihi aliijua, Ndunda alizoea kuchora kigitaa mbele ya jina lake. "Na ule wimbo uliorusha kwa grupu ya matanga mwezi jana? Watu wa intaneti ndio waliotupatia jina lako. Usifikiri huonekani."

"Alisaini nyimbo zipigwe redioni. Walimpa fulana na chai."

"Sijakuja kwa mambo ya fulana."

"Wewe!" Wanza akapaza sauti ili soko lisikie. "Sasa Ijumaa unazika nani?"

Watu wakaangua kicheko. Hata askari mmoja alicheka, huku akichomoa nyaya.

"Mamangu mzima kabisa, asante," Urbanus akasema.

Kamanthe akaikumbatia mashine. "Chukua flashi. Nichukue mimi. Hii niachie, mwanangu, Ndunda hana pengine alipo."

"Ni ushahidi. Jumatatu uje kortini. Kesi ikiisha kila kitu ndani kinafutwa, ndiyo sheria." Akamwekea kikaratasi juu ya kreti. "Ukiwa na malalamiko, piga namba hiyo ya kampuni."

Wakaipakia nyuma ya pikapu ikiwa wazi vilevile, vumbi likiingia.

Alasiri Wanza alimwazima simu. Kamanthe akaibonyeza namba ya kampuni, akaweka sikioni.

Haikuita kama simu. Liliingia gitaa. Ndunda akawashukuru wenye harusi, akawasalimia wazee wa Kathiani, akacheka kidogo, akasema, "Na Kamanthe wangu, aliyebaki nyumbani na watoto, nakuambia..."

Hapo wimbo ukakatwa. Sauti ya mwanamke, safi kama ya kusoma habari, ikamweleza kwamba akitaka wanaompigia wasikie wimbo huu, abonyeze nyota. Hakuna aliyepokea.

"Wanasemaje?" Wanza akauliza.

"Ananisalimia," Kamanthe akajibu, akapiga tena.